Oili ya Safari

Mume wangu alikuwa mtu wa lami. Kazi yake ilikuwa kuwasimamia vibarua wa idara ya barabara, wale waliokuwa wakiziba mashimo kwa kokoto na lami ya moto, na jioni alirudi nyumbani ananuka moshi mpaka kwenye kope. Alikuwa mtu wa Lango, kaskazini, Mkatoliki. Mimi ni Mnubi, binti wa askari aliyezaliwa na askari, na kwetu dini ni Uislamu tangu babu zetu walipoletwa na Waingereza kutoka Sudani. Ili anioe alisilimu siku moja, mbele ya baba yangu na shehe, na Jumapili iliyofuata nikamwona anapiga pasi suruali ya kwendea Lubaga, kanisani. Sikumwuliza. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa sababu yeye hakujua Kinubi na mimi sikujua Kilango, na watoto wetu wawili walikua wakidhani Kiswahili ndilo kabila lao.

Tulikaa kwenye maghorofa ya Bukoto. Chini yetu alikaa mwalimu Mhindi, mtu mpole aliyekuwa akiwafundisha watoto wa jengo zima hesabu bila kuombwa. Wahindi walipofukuzwa nchini, yeye ndiye aliyetuachia gari lake. Lilikuwa gari dogo la milango miwili, rangi ya chai iliyozidi maziwa, na viti vyake vilikuwa vimepasuka vikashonwa kwa uzi wa gunia. Siku ya kuondoka alimpa mume wangu funguo huku mkewe akifunga mabegi kwa kamba, akamwambia, "Lipe oili ya ishirini-hamsini. Usilipe nyingine. Hili limezoea."

Mimi sikujua kama oili ina namba. Nilidhani mafuta ni mafuta. Nikamwuliza mume wangu, naye akanieleza kwa lugha ya kazi yake.

"Wewe umeona lami," akasema. "Asubuhi ni jiwe, huwezi hata kuchoma kijiti. Ukiiwashia moto inakuwa uji. Ukizidisha moto inakuwa maji, inakimbia barabarani haishiki kitu. Oili nayo hivyo hivyo. Ikiwa nyepesi mno, injini ikipata moto oili inakuwa maji, chuma kinagusa chuma. Ikiwa nzito mno, asubuhi haipandi juu haraka, na chuma cha juu kinasagika kikiisubiri. Hii ishirini-hamsini asubuhi ina wepesi wa ishirini, mchana ina uzito wa hamsini."

"Kumbe ina akili kuliko watu," nikasema.

Akacheka sana. Alikuwa na kicheko cha kukohoa, cha mtu aliyevuta moshi wa lami miaka mingi.

Basi miezi ikapita na maduka ya Wahindi yakagawiwa. Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa sajini jeshini, naye akapewa duka la vipuri kule Nakivubo. Watu wa namna yake mjini waliwaita mafuta mingi, kwa sababu walinona ghafla. Kaka hakujua tofauti ya beringi na ringi. Aliuza kila alichokikuta rafuni mpaka rafu zikabaki mbao tupu, kisha akashangaa. Baada ya hapo vitu vizuri vilivyofika, na vilifika vichache, viliwekwa nyuma ya pazia kwa ajili ya maofisa. Mbele zilibaki chujio zilizoshika kutu na mapipa ya oili.

Oili ya mapipa ilikuwa nyeusi na hakuna aliyejua namba yake. Nyingine ilikuwa ya malori. Nyingine ilikuwa imekwisha kutumika, ikachujwa kwa kitambaa, ikauzwa upya. Watu waliweka hata oili ya giaboksi kwenye injini, ile inayonuka kama yai bovu. Kampala nzima ilitoa moshi wa buluu. Lakini kama gari ni la kutoka nyumbani kwenda sokoni na kurudi, oili yoyote ilitosha. Likizima, unalisukuma mpaka nyumbani. Kila mtu alikuwa akilisukuma lake.

Mume wangu alitia ya mapipa kama wengine. Kila Jumamosi alichomoa kijiti cha kupimia, akaipaka oili kwenye kidole gumba na cha shahada, akaisugua taratibu na kuinusa. Halafu alifuta mikono.

Wakati huo watu wa kaskazini walikuwa wakitoweka. Sisemi wote, wale wa Lango na Acholi ndio waliosakwa zaidi, kwa sababu mtawala aliyepinduliwa alikuwa mtu wa kwao. Walianza na askari, wakaja kwa polisi, kisha wakafika kwa watu ambao hawakuwahi kushika bunduki. Pale idarani kwa mume wangu karani wa stoo aliitwa getini mchana, akaenda akiwa amevaa shati tu, akaliacha koti lake kwenye kiti. Hakurudi. Koti likabaki pale. Hakuna aliyethubutu kuliondoa wala kukikalia kile kiti. Jioni nyingine mume wangu aliniambia, akiwa anakula, "Lile koti limeanza kufanya vumbi mabegani." Akaendelea kula.

Mimi niliogopa kwa namna mbili. Nilimwogopea yeye, na nilikuwa nikiona haya, kwa maana wengi waliokuwa wakiwachukua watu walikuwa wa dini yangu, na wengine walikuwa wakizungumza lugha ya mama yangu. Nikipita sokoni wanawake wa Kilango walionijua walinyamaza. Nikienda kwa watu wangu, shangazi zangu waliuliza, "Yule bwana wako bado yupo?" kama vile wanamwulizia mgonjwa.

Jumapili moja alirudi kutoka Lubaga, akapiga honi chini. Nikashuka na watoto, nikidhani anatupeleka kutembea. Tuliingia. Hakuondoa gari. Aliacha injini ikinguruma, akaniambia kwa sauti ndogo chini ya ule mngurumo:

"Tutakwenda Kenya. Shangazi yako wa Kibera atatupokea?"

"Atatupokea."

"Basi tutakwenda na hili gari."

Nikamwuliza kwa nini tusipande basi. Akaniambia kwamba kwenye basi abiria wote huteremshwa kwenye kila kizuizi, kila mtu anaulizwa jina na kwao, na jina lake peke yake lilitosha. Lakini kwenye gari dogo, mke Mnubi amekaa mbele, ametupia shuka yake kichwani, anamsalimia askari kwa Kinubi kabla askari hajafungua mdomo, huenda askari akasema pita. "Wewe ndiwe kibali changu," akasema. "Lakini gari lisizime. Gari likizima njiani askari wanakuja kuangalia. Likizima mbele ya kizuizi, nitashuka kulisukuma, nao wataniona vizuri."

Toka hapo ndipo nilipojifunza oili kuliko nilivyojifunza kitu chochote cha mume wangu.

Alimpelekea gari fundi mmoja wa Kiganda, gereji yake ilikuwa chini ya bati moja tu karibu na uwanja wa Nakivubo. Fundi alitia sikio kwenye injini, akatikisa kichwa. "Ssebo, bwana, ringi za pistoni zimechoka," akasema. "Hii oiri ya pipa itaungua yote. Huwezi kufika mbali." Mume wangu akasema hana mpango wa kufika mbali. Fundi akamtazama, akachukua kitambaa chake, akafuta spana ambayo haikuwa chafu.

Tukaanza kujaribu. Alipata kopo la namba thelathini kwa mfanyakazi mwenzake. Akamwaga ya zamani, akatia ile, tukapanda mlima wa Lubaga na kushuka, tukapanda tena. Asubuhi liliwaka kama kiberiti. Lakini lilipopata moto, kila liliposimama na injini ikaachwa ingurume polepole, taa nyekundu ya oili ilikuwa ikiwaka kidogo, ikazima, ikawaka. Alisimama pale juu ya kilima, karibu na kanisa, akiitazama ile taa.

"Imekuwa maji," akasema. "Itawaka hivi hivi mbele ya askari, na nyuma ya taa hii injini inakwisha."

Akatafuta ya namba hamsini, nzito kama asali ya mwisho wa mtungi. Kwa ile, taa haikuwaka tena na moshi ukapungua. Ila asubuhi iliyofuata, mvua imenyesha, injini ilijikokota kama punda aliyebebeshwa gunia, betri ikachoka kabla haijashika. Majirani wakaja kusukuma. Hiyo nayo akaikataa. Tungehitaji kuondoka alfajiri, na kila kizuizi ambako askari angetuamuru tuzime gari kingekuwa kamari. Akajaribu kuzichanganya zote mbili katika sufuria yangu ya zamani. Sufuria ikaharibika, na gari likaanza kugonga upande mmoja.

"Ni ile ile ya mwalimu," akasema mwishoni, ameketi kwenye ngazi, mikono imemlegea magotini. "Hakuna nyingine."

Na ile ilikuwa nyuma ya pazia la kaka yangu.

Tulikwenda pamoja. Ilikuwa Ijumaa kabla ya sala, Nakivubo imejaa watu wanaotafuta sukari na sabuni. Kaka alikuwa mbele ya duka, kavaa shati jeupe la kiraia, tumbo limeanza kutoka. Alinikumbatia. Kaka yangu hakuwa mtu mkatili. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu lingekuwa jambo rahisi zaidi kama angekuwa. Ndani, kwenye benchi, alikuwa mtu mmoja nisiyemjua, amevaa viatu vya visigino virefu kama ilivyokuwa mtindo, ameweka miguu juu ya sanduku, anakunywa soda.

"Shemeji!" kaka akasema. "Leo mmekumbuka maskini."

"Nimekuja kukuomba oili," mume wangu akasema. "Ile ya ishirini-hamsini. Kama galoni moja."

"Ishirini-hamsini! Mapipa yote haya, hakuna inayokufaa?"

"Injini imechoka, shemeji."

Kaka akacheka. Alikuwa na sauti ya uwanja wa gwaride, hata akinong'ona ulimsikia. "Hii gari yako si inaenda kazini na kurudi Bukoto? Ishirini-hamsini ni oili ya safari hiyo! Unaenda wapi, shemeji? Unatukimbia?"

Akampiga mume wangu begani. Yule mtu wa benchi naye akacheka, amechelewa kidogo, kama mtu aliyesubiri atafsiriwe. Mume wangu akacheka. Mimi nikacheka. Tulicheka wote wanne.

"Nampeleka dada yako Bombo kwa wazee," mume wangu akasema.

"Bombo ni pale tu!" kaka akasema. Lakini aliingia nyuma ya pazia, akatoka na makopo yamefungwa gazeti, akatupa. Alikuwa mkarimu. Hata watoto aliwapelekea biskuti.

Mume wangu alituendesha kurudi Bukoto. Tulipofika aliegesha, akabaki ameshika usukani.

"Umemwona yule?" akaniuliza.

"Nimemwona."

"Aliweka chupa chini aliposikia neno safari."

Mimi sikuona chupa ikiwekwa chini. Nilikuwa nikimtazama kaka yangu.

Jumamosi alibadilisha oili nyuma ya jengo, mchana kweupe, makusudi, ili asionekane anajificha. Alilala kwenye gunia, akafungua nati ya chini, ile chafu ikatiririka kwenye karai, nyeusi, ina chembe za chuma zilizong'aa. Kisha akamimina ile mpya. Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, safi kabisa, na watoto waliipenda wakataka kuigusa. Alipowasha, sote tulisikiliza. Gari halikugonga. Halikutoa moshi. Jirani mmoja alitoa kichwa dirishani akasema, "Baba watoto, leo gari lako limekuwa bibi harusi." Mume wangu akatabasamu, na kwa kitambo kidogo alionekana kama yule niliyeolewa naye.

Nilimwambia tuondoke kesho yake, Jumapili, watu wakiwa makanisani. Nilikuwa nimekwisha kufungasha nguo za watoto katika mfuko wa unga. Akakataa.

"Tukiondoka kesho," akasema, "maneno ya kaka yako yatakuwa kweli. Yule mtu atasema, mliona? Na watatufuata kabla hatujavuka Jinja. Lakini nikienda kazini Jumatatu, na Jumanne, na wiki yote, na gari lipo palepale, maneno yatabaki mzaha. Wiki ijayo hakuna atakayekumbuka."

"Na kama wanakumbuka sasa?"

"Kama wanakumbuka sasa, basi hata kesho tumechelewa."

Nimeyapima maneno yale maisha yangu yote, na mpaka leo siwezi kusema alikosea. Kila upande niliougeuza ulikuwa na mlango uliofungwa. Nilifungua ule mfuko wa unga, nikazirudisha nguo za watoto kabatini moja moja, ili mtu akija asizione.

Jumatatu alikwenda, akarudi. Jumanne alikwenda. Siku ile nilipika dengu. Mchana, wakati watoto wamelala, nikasikia gari letu chini, nikalitambua kwa jinsi lilivyonguruma vizuri, nikafurahi kwamba amerudi mapema. Nikafungua mlango. Aliyepanda ngazi alikuwa mwenzake wa kazi, dereva wa greda, Mganda wa makamo niliyemwona mara moja tu. Alikuwa amevua kofia.

"Nyabo, mama," akasema, akaninyooshea funguo. "Wamemkuta yadi. Wamemwita kwa jina lake. Walikuwa na gari yao."

"Alisema nini?"

"Hakusema. Aliniwekea funguo mkononi kama vile ananiazima spana. Nikaona nilete." Akatazama chini kwenye ngazi. "Nisikae."

Nikamshukuru. Alishuka haraka, na akaenda kwa miguu, kwa kuwa gari alilokuja nalo ndilo aliloniachia. Kumletea mke wa mtu aliyechukuliwa gari lake halikuwa jambo dogo siku zile. Sikupata kumwona tena, na hata kama ningemwona sijui ningemfanyia nini.

Nilikwenda Nakivubo na watoto, mmoja mgongoni na mmoja mkononi. Kaka aliponiona alijua. Alifunga duka mchana, akateremsha kipazia, akaketi juu ya lile sanduku.

"Nilitania," akasema. "Wallahi nilitania tu."

"Yule aliyekaa hapa ni nani?"

"Ni mteja. Anakuja, anakaa. Wote wanakuja wanakaa. Mimi nawezaje kumwuliza mtu wewe ni nani?"

"Wewe ni sajini," nikamwambia. "Nenda kaulize."

Alikwenda. Nampa haki yake, alikwenda, amevaa sare. Alirudi kwangu Bukoto baada ya siku kadhaa, akasimama mlangoni bila kuingia. Uso wake ulikuwa umevimba kama wa mtu asiyelala. Aliniambia kwa Kinubi, lugha tuliyogombana kwayo utotoni, "Usiulize tena. Na mimi sitauliza tena." Nilimshika shati nikamwambia aseme kama amekufa. Akasema hajui. Nikamwuliza kama yu hai. Akasema hajui. Nikamwuliza yuko wapi. Akanitoa mikono shatini taratibu, kidole kimoja kimoja.

Mama yangu alikuja na kanga nyeupe, akaniambia nikae eda. Nikamwambia eda ya nani, sijaona maiti. Akasema, "Mwanangu, wewe unajua na mimi najua." Nikamwambia sijui. Nilikwenda Lubaga, mahali ambapo sikuwahi kuingia, shuka yangu kichwani, nikamtafuta padri wa mume wangu, nikamwomba amsomee sala. Padri alikuwa kijana, alinipa kiti. Alisema kwamba sala ya marehemu haisomwi kwa mtu ambaye hatujui kama ni marehemu, ila atamwombea kama aliye hatarini. Aliuliza jina lake la ubatizo. Nilikuwa silijui. Nyumbani tulimwita kwa jina alilopewa siku ile moja aliyosilimu, na wenzake walimwita kwa jina la Kilango. Nikatoka nje nikaketi kwenye majani ya kile kilima, na mji wote uko chini yangu, na sikuwa na dini hata moja ambayo ingenipokea na huzuni yangu jinsi ilivyokuwa.

Gari lilibaki nyuma ya jengo. Mimi sikujua kuendesha. Watoto walikuwa wakichezea ndani yake, mkubwa akishika usukani, akimwuliza mdogo, "Unashukia wapi?" Niliwaacha.

Kisha asubuhi moja kaka alikuja amevaa sare na kofia.

"Fungasha," akasema. "Jina lako limewekwa kwenye orodha pamoja na lake. Leo. Sasa hivi."

"Nani kakwambia?"

"Fungasha, dada."

Safari hii sikutumia mfuko wa unga. Nilichukua watoto na kilichokuwa karibu. Kaka akachukua funguo juu ya kabati, akashuka, akawasha lile gari. Liliwaka mara moja, ingawa lilikuwa limekaa.

Hivyo ndivyo nilivyosafiri. Nilikaa mbele, shuka kichwani, jinsi mume wangu alivyopanga, ila aliyekaa kwenye usukani alikuwa kaka yangu. Mukono askari walitupungia mkono tupite. Kwenye daraja la Jinja, pale kila mtu alipoogopa kupita, askari alichungulia, akaona sare, akapiga saluti. Kaka alimwuliza hali ya nyumbani kwao. Injini ilikuwa ikinguruma polepole wakati wanaongea, na mimi niliitazama taa nyekundu muda wote ule. Haikuwaka. Sikuhitaji kumsalimia mtu yeyote kwa Kinubi. Salamu nilizokuwa nimezipanga moyoni kwa majuma mengi zilibaki mdomoni, zikanikausha ulimi.

Bugiri tulisimama ili watoto wajisaidie. Kaka akafungua boneti, akachomoa kijiti, akakifuta, akakitia tena na kukichomoa. Alikiangalia kwenye jua.

"Haijapungua hata kidogo," akasema. Akakirudisha kijiti mahali pake. Kisha akasema, "Alijua alichokitaka."

Nilikuwa nikimtazama mwanamke ng'ambo ya barabara aliyekuwa akianika mihogo kwenye mkeka. Alikipanga kipande kwa kipande kana kwamba hakuna kitu kingine duniani. Niliendelea kumtazama mpaka boneti ikafungwa.

Karibu na mpaka wa Busia alituteremsha. Kulikuwa na njia ya kupita nyuma ya mashamba, na mtu wa kutuongoza aliyekuwa akivusha kahawa ya magendo. Kaka alimbeba mtoto mdogo mpaka mwanzo wa ile njia, akamweka chini, akamfunga kamba ya kiatu. Alinyanyuka, akasema, "Nisamehe."

Sikumjibu. Kama ningesema nimemsamehe, ningesema uongo. Kama ningesema sikumsamehe, watoto walikuwa bado hawajavuka. Nilimshika mtoto mkono nikaenda. Nyuma yetu nikasikia gari likigeuzwa, likaondoka, halina kelele yoyote.

Nilikaa Kibera kwa shangazi. Nilishona, nilikaanga maandazi, nililea. Miaka ile nilikuwa nikiamka nikiwa nimechoka na kulala nikiwa macho. Serikali ya wanajeshi ilipoangushwa, watu wetu wengi walikimbilia kaskazini, Sudani, wakiogopa kulipiziwa kisasi, na kaka akiwa miongoni mwao. Mtu mmoja aliniambia amefia njiani, mwingine akasema alimwona Juba anauza chumvi. Sikumtafuta. Mama, aliyekuwa amekimbilia kwetu Kibera, alimlilia, nami nikamshika mama alipokuwa akilia, lakini macho yangu yalikuwa makavu.

Nilirudi Kampala mara moja, peke yangu. Nilikwenda kila mahali watu walipokuwa wakienda siku zile, kwenye milango ya magereza iliyofunguliwa na mashimo ya maiti yaliyofukuliwa, nikasimama kwenye mistari pamoja na wanawake wengine. Wengine waliokota kitu, shati, mkanda, wakakitambua wakaanguka. Niliwaonea wivu. Nasema kweli, niliwaonea wivu wale waliokuwa wakianguka.

Siku ya mwisho nilikwenda Bukoto. Mlango wetu ulikuwa umepakwa rangi ya kijani. Mwanamke kijana alifungua, mtoto kiunoni, akanipa kiti na maji bila kuniuliza mimi ni nani. Nyumba ilinuka samaki. Alipoona nakitazama chumba aliniuliza, "Mlikaa hapa, nyabo?"

"Kidogo," nikamwambia.

Nikanywa maji, nikamshukuru, nikashuka ngazi. Jioni ya siku iliyofuata nilifika Kibera. Watoto walikuwa wamepika ugali wenyewe, umeungua chini. Mkubwa akaniuliza kama nimempata baba. Nikawaambia tule kwanza.